Injini Inayosingiziwa: Historia Fupi ya Boti ya Jeti

Hebu fikiria umenunua boti ya jeti ya mkono wa pili. Bei ilikuwa nzuri, muuzaji alikuwa na haraka zake, na siku ya kwanza majini mambo yalikwenda vizuri tu. Wiki ya tatu unafungulia moto mpaka mwisho, injini inanguruma kama inataka kung'oka kwenye misumari yake, lakini boti yenyewe inajikokota. Utafanya nini?

Nadhani jibu lako nalijua, kwa sababu hata mimi nililitoa: utaita fundi, mtaifungua injini.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, na kundi letu lilikuwa linapima jinsi mto unavyobeba kokoto wakati wa mafuriko. Mito ya kule si kama Rufiji au Tana. Ni uwanda mpana wa kokoto wenye vijito vingi vinavyoachana na kukutana tena kama nywele zilizosukwa, na mahali pengi maji hayafiki hata magotini. Boti ya kawaida haipiti. Tukapewa boti kuukuu ya jeti. Ilipoanza kujikokota tukaitoa majini, tukafungua injini, tukabadilisha ringi za pistoni na gasketi, tukatumia karibu bajeti yote ya mwaka. Wakati boti iko juu ya mawe bila injini, mafuriko makubwa ya msimu ule yalikuja yakapita. Vipimo tulivyovisubiri mwaka mzima havikupatikana. Na tulipoirudisha majini? Ilijikokota vilevile.

Mzee mmoja mwenye gereji ndogo karibu na mto alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Saa ya mizunguko inasoma ngapi mkifungulia moto wote?"

Tukamwambia inasoma juu kuliko ilivyokuwa zamani.

"Basi injini yenu ni nzima," akasema. "Na ilikuwa nzima kabla hamjaifungua."

Makala hii inajaribu kueleza alijuaje. Na nikuambie mapema, msomaji: kosa letu lina historia ndefu. Wahandisi wakubwa kuliko sisi waliwahi kukaa mbele ya chombo kinachonguruma bila kwenda, wakajiuliza tatizo ni injini au ni kitu kingine.

Kwanza, kinachosukuma ni nini?

Boti ya jeti haina pangaboi linaloning'inia chini ya maji. Tumboni mwake, karibu na tezi, kuna tundu lililofunikwa kwa wavu wa chuma. Maji yanafyonzwa kupitia tundu hilo, yanakutana na gurudumu lenye mapanga linaloitwa impela, ambalo injini inalizungusha ndani ya bomba. Impela inayapa maji kasi na shinikizo. Nyuma yake kuna mapanga mengine yasiyozunguka, yanayonyoosha yale maji yaliyosokotwa, kisha maji yanatoka kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba, nozeli. Zile pikipiki za majini zinazokodishwa kwenye fukwe za Mombasa na Zanzibar zinaendeshwa kwa mtindo huohuo.

Watu wengi hufikiri yale maji yanayotoka nyuma "yanasukuma" maji ya mtoni, kama mtu anayesukuma mtumbwi kwa pondo. Hapana. Nguvu inapatikana ndani ya boti kwenyewe, pale maji yanapoongezewa kasi. Newton alishalisema hili mwaka 1687: ukirusha kitu nyuma, nawe unasukumwa mbele. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kilo za maji zinazopita kwa sekunde, zidisha kwa tofauti ya kasi kati ya maji yanayotoka na boti inavyokwenda. Lita 100 kwa sekunde ni kilo 100. Kama yanatoka kwa mita 20 kwa sekunde na boti inakwenda mita 10 kwa sekunde, msukumo ni nyutoni 1,000, karibu sawa na uzito wa mzigo wa kilo 100.

Shika neno moja hapo: *kilo za maji*. Boti hii inaishi kwa maji yanayopita ndani yake. Yakipungua, au yakichanganyika na hewa, msukumo unapotea hata kama injini imetoka kiwandani jana.

Wazo lililotangulia mashine yake

Unaweza kudhani jeti ni jambo la juzi. Kumbe Waingereza wawili, Thomas Toogood na James Hayes, walipata hataza ya kusukuma chombo kwa maji mwaka 1661, miaka zaidi ya mia moja kabla ya meli ya mvuke kuwa jambo la kawaida. Wazo lilikuwepo. Kilichokosekana ni mashine ya kulitekeleza.

Mwaka 1787, tarehe 3 Desemba, Mmarekani James Rumsey alionyesha chombo chake mbele ya watu pale Shepherdstown, kando ya mto Potomac. Mvuke uliendesha pampu, pampu ikavuta maji chini ya chombo na kuyatema nyuma. Chombo kilipanda mto kweli, lakini kwa kasi ya mtu anayetembea. Benjamin Franklin alikuwa mmoja wa waliomuunga mkono. Rumsey alikwenda Uingereza kutafuta fedha za kuliendeleza wazo lake, akafariki London mwaka 1792.

Kisha jeshi la majini la Uingereza likajaribu. Mwaka 1866 ilizinduliwa HMS Waterwitch, manowari ndogo ya chuma yenye pampu kubwa tumboni na midomo ya kutolea maji ubavuni. Nahodha aliweza kuipeleka mbele au kuirudisha nyuma kwa kugeuza njia ya maji tu, bila kugusa mzunguko wa injini. Ililinganishwa na ndugu zake wawili wenye mapangaboi, Viper na Vixen. Haikuwashinda, na jeshi halikuona sababu ya kuendelea na mtindo ule.

Kwa nini? Hapa ndo fizikia inaingia. Sio nguvu yote unayoyapa maji inakuwa mwendo wa chombo. Sehemu yake inabaki kwenye yale maji yaliyorushwa, yanakwenda zake nyuma na nguvu yako. Kama maji yanatoka kwa kasi mara mbili ya boti, karibu asilimia 67 ya nguvu inafaa. Kama yanatoka kwa kasi mara tano ya boti, inayofaa ni kama asilimia 33 tu. Rumsey alikuwa na chombo cha polepole na bomba jembamba, kwa hiyo sehemu kubwa ya mvuke wake iliishia mtoni bure. Tatizo halikuwa kwamba injini yake haikujitahidi. Uwiano kati ya kasi ya maji na kasi ya chombo ndio ulikuwa mbaya.

Hata hivyo, kulikuwa na mahali jeti ilipendwa. Mwaka 1890 taasisi ya Uingereza ya kuokoa watu baharini, RNLI, ilianza kutumia boti yake ya kwanza ya mvuke, Duke of Northumberland, nayo iliendeshwa kwa jeti. Sababu ni ya kiutendaji kabisa: boti ya uokoaji inaingia palipo na kamba, mbao na mabaki ya meli. Pangaboi lingenaswa. Jeti haina kitu kinachoning'inia.

Maji yanayochemka yakiwa baridi

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Mwaka 1893 kampuni ya Thornycroft ilizindua HMS Daring, meli ya kivita ya mwendo kasi. Kwenye majaribio ya mwanzo injini zilifanya kazi yake, mapangaboi yalizunguka, lakini meli ikakwama kwenye kasi ya noti 24 hivi, yaani kilomita 44 kwa saa, chini ya mkataba. Ukiongeza moto, mizunguko inapanda, mwendo haupandi.

Ungekuwa wewe ungelaumu nini? Wengine wangeongeza boila. John Thornycroft na mwenzake Sydney Barnaby waliangalia mapangaboi. Walitambua kwamba panga likizunguka kwa kasi sana, upande wake wa mbele shinikizo la maji linashuka mno, mpaka maji yanaachana na chuma na kuacha mashimo matupu. Panga linakuwa halikamati maji tena, linakata mapovu. Jina la jambo hilo, kavitesheni, lilipendekezwa na R. E. Froude. Walipobadilisha mapangaboi na kuongeza upana wa mabapa kwa karibu nusu, meli ileile yenye injini zilezile ikavuka noti 28.

Hayo mapovu ni nini? Hapa kuna jambo ambalo mtu wa Nairobi ataelewa haraka kuliko wa Tanga. Nairobi maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, sio 100, kwa sababu mji uko juu na shinikizo la hewa ni dogo. Endelea kupunguza shinikizo, maji yataendelea kuchemka kwenye joto la chini zaidi. Ukilishusha mpaka karibu asilimia 2 ya shinikizo la kawaida la pwani, maji ya nyuzijoto 20 yanachemka, tena bila moto wowote. Mgongo wa panga linalozunguka kwa kasi unaweza kufika huko. Kwa hiyo yale ni mapovu ya mvuke, mvuke baridi.

Muda si mrefu Charles Parsons alikutana na tatizo hilohilo kwenye Turbinia, chombo chake cha kwanza cha tabo ya mvuke. Alitengeneza tangi dogo lenye dirisha la kioo, akapunguza hewa ndani yake kwa pampu ili mapovu yatokee kwa urahisi, akalimulika pangaboi kwa mwanga wa kukatikakatika ili lionekane kama limesimama. Baada ya kuyaona mapovu kwa macho, aliacha mtindo wa shafti moja akaweka shafti tatu zenye mapangaboi tisa. Mwaka 1897, kwenye gwaride la meli za kivita huko Spithead, Turbinia ilikatiza mbele ya wakubwa kwa kasi ya zaidi ya noti 30, na hakuna chombo cha doria kilichoweza kuikamata.

Na mwaka 1917 Lord Rayleigh alionyesha kwa hesabu kwa nini mapovu hayo yanakula chuma. Povu linapofika mahali penye shinikizo linabomoka ndani kwa ndani, na pale katikati shinikizo linaweza kufikia maelfu ya mara ya shinikizo la hewa. Ni kama nyundo ndogo zisizohesabika. Ndiyo maana impela ya boti iliyotumika sana inaweza kuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Mfugaji wa kondoo na mito yake

Jeti iliyofanikiwa kwenye mito haikutoka kwenye kiwanda cha meli. Ilitoka kwenye shamba la kondoo.

Bill Hamilton alizaliwa mwaka 1899 New Zealand, akanunua shamba la Irishman Creek katika nyanda za Mackenzie. Alikuwa mtu wa mashine: alishindana kwenye magari ya mbio hadi Brooklands, Uingereza, na pale shambani alijenga karakana iliyotengeneza mitambo ya kuchimba na kusukuma udongo. Kitu kimoja kilimkera. Mito iliyopita karibu na kwake, ile ile ya kokoto niliyokueleza, haikupandika kwa boti ya pangaboi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alianza na mtindo wa Kimarekani uliokuwa sokoni, ambao pampu yake ilitoa maji kwa mdomo uliokaa chini ya boti. Ulisogea, lakini ulikuwa dhaifu. Hapa angeweza kufanya kile ambacho wengi wangefanya: kutafuta injini kubwa zaidi. Badala yake mdomo ulihamishwa. Mfanyakazi wake, George Davison, ndiye anayetajwa kupendekeza utolewe chini ya maji na uwekwe nyuma, juu kidogo ya usawa wa maji. Ukikumbuka Newton wetu, hakuna kilichopotea, maana maji hayahitaji kitu cha kusukuma. Kilichopatikana ni kwamba ule mdomo haukuwa tena mzigo unaokokotwa ndani ya maji, na tumbo la boti likawa laini kama sahani, linaloweza kuteleza juu ya kokoto.

Miaka michache baadaye pampu ya mtindo wa kutupa maji pembeni iliachwa, ikaja ile ambayo maji yanapita moja kwa moja kufuata mhimili wa shafti. Hiyo ndiyo baba wa jeti nyingi za leo. Hamilton mwenyewe hakudai kwamba amebuni wazo, alijua waliomtangulia. Alichofanya ni kuliondolea kasoro moja baada ya nyingine.

Mwaka 1960 boti zake, mwanawe Jon akiwa miongoni mwa madereva, zilipanda mto Colorado kupitia Grand Canyon. Kupanda, sio kushuka. Mwaka 1968 Edmund Hillary alizitumia kwenye mto Sun Kosi, Nepal. Msafara wa John Blashford-Snell wa mwaka 1974 kwenye mto Kongo, wakati huo ukiitwa Zaire, nao ulikuwa na boti za jeti, kwenye maji ambayo wasomaji wetu wa Kisangani wanayajua kuliko mimi. Na mwaka 1977 Hillary akapanda nazo Ganga kutoka baharini kuelekea Himalaya, mpaka maporomoko yalipowazuia.

Kwa nini yule mzee aliuliza mizunguko

Sasa turudi kwenye boti yako, ile inayojikokota.

Pangaboi la kawaida na jeti vinatofautiana kwa jambo moja muhimu sana kwa fundi. Boti ya pangaboi ukiipakia watu wanane badala ya wawili, injini inalemewa na mizunguko inashuka. Boti ya jeti hapana. Impela iko ndani ya bomba lake, inabeba kiasi kilekile cha maji kwa mizunguko ileile, boti iwe nyepesi au nzito, iwe inakwenda mbio au imefungwa gatini. Kwa hiyo jeti ni mizani: kila idadi ya mizunguko ina nguvu yake inayojulikana.

Tena mizani yenyewe ni kali. Nguvu inayohitajika inakua kwa mchemraba wa mizunguko. Ukizidisha mizunguko mara mbili, nguvu inazidi mara nane. Chukua boti ambayo ikiwa nzima, moto wote, inasoma 4,000 kwa dakika. Leo inasoma 3,600. Utasema ni pungufu dogo, asilimia 10 tu. Lakini 0.9 mara 0.9 mara 0.9 ni 0.729. Injini imepoteza zaidi ya robo ya nguvu zake.

Kutokana na hapo, unapata kanuni ambayo ingetuokolea mafuriko yetu:

*Mizunguko iko chini ya kawaida:* injini ndiyo mshukiwa. Inashindwa kubeba mzigo ambao zamani iliubeba. Ila kwanza zima kila kitu, toa ufunguo, uone kama shafti inazunguka bila kukwama, maana jiwe lililobana au beringi iliyokufa navyo vinaweza kuilemea. Shafti ikiwa huru, anza na vya bei rahisi: petroli iliyokaa miezi kadhaa, maji kwenye tangi, filta iliyoziba, plagi. Kisha pima kompresheni. Kufungua injini kunakuja mwisho.

*Mizunguko iko juu ya kawaida na boti haiendi:* injini haina hatia. Imepunguziwa mzigo. Wahenga walisema debe shinda haliachi kutika, na pampu isiyoshika maji ndiyo hilo debe. Angalia wavu kama umezibwa na majani, mfuko wa plastiki au kamba. Angalia impela kama kingo zake zimepinda au zimeliwa. Angalia mpira unaoziba kati ya kifaa cha jeti na tumbo la boti, hewa isije ikawa inaingia. Angalia meno ya shafti yasije yakawa yamekwanguka, kwa sababu hapo injini inazunguka peke yake. Na pima mwanya kati ya ncha za impela na pete ya chuma inayoizunguka.

*Mizunguko inapanda na kushuka yenyewe:* mara nyingi pampu inameza hewa kwa vipindi. Jaribu kuhamisha mizigo kutoka omo kwenda tezi kabla ya kununua chochote.

Kwetu sisi ilikuwa ile pete. Kwenye kifaa kidogo kama chetu mwanya ule unatakiwa uwe wa milimita moja au pungufu. Wetu ungepitisha sarafu. Miaka ya kunyonya mchanga na kokoto ilikuwa imeusaga taratibu, na kila mzunguko sehemu ya maji ilikuwa inarudi nyuma kupitia mwanya badala ya kwenda kwenye mdomo. Pete mpya ilikuwa rahisi mara nyingi kuliko kazi tuliyoifanya kwenye injini. Ilifungwa mchana mmoja.

Na kama inachemsha?

Kuna malalamiko mengine utakayoyasikia kwa muuzaji wa boti ya mkono wa pili: "inachemsha kidogo, ni thamostati tu." Inawezekana. Lakini boti nyingi za jeti hupoza injini kwa maji ya mto au bahari yanayochukuliwa kwenye pampu hiyohiyo. Yaani pampu ina kazi mbili: kusukuma na kupoza. Ikimeza hewa, boti inapoteza mwendo *na* injini inachemsha kwa pamoja. Mtu anayeona dalili hizo mbili anaamini kabisa kwamba injini imekufa, kumbe shina ni moja, nalo liko nje ya injini.

Kama inachemsha ukiwa umesimama lakini inapoa ukikimbia, shinikizo la maji ya kupoza ni dogo mizunguko ikiwa midogo. Kama inachemsha ukikimbia tu, njia za maji huenda zimebanwa na matope, mchanga au chumvi, na zinashindwa kupitisha maji ya kutosha kwa joto la wakati ule. Na kamwe usiiwashe ikiwa juu ya trela bila kuunganisha mpira wa maji safi, eti "kidogo tu nisikie mlio." Mpira wa ile pampu ndogo, kama ipo, na njia za moshi zinaungua haraka.

Mambo mawili ya usalama, na haya sio ya kuruka. Usiingize mkono kwenye wavu wala kwenye mdomo wa nyuma kabla ya kuzima injini na kutoa ufunguo, ukauweka mfukoni mwako mwenyewe. Na kabla ya kuwasha injini ya petroli iliyofungiwa ndani ya boti, fungua kifuniko na uwashe feni ya kutoa hewa, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na unakaa chini kabisa, ukisubiri cheche.

Ushahidi wa kitu kisicho na kelele

Ukipanga visa hivi pamoja utaona kinachojirudia. Rumsey alikuwa na injini inayofanya kazi na chombo kisichokwenda. Thornycroft na Barnaby vilevile. Hamilton vilevile. Sisi pia, na boti yetu kuukuu. Injini ndiyo inayopiga kelele, inayotoa moshi, inayogharimu fedha, kwa hiyo macho yote yanakwenda kwake. Maji hayasemi kitu. Waliofaulu ni wale waliojiuliza kwanza nguvu inapotelea wapi, wakaifuata njia yake kutoka kwenye pistoni mpaka kwenye maji, na wakapima mahali pamoja angalau kabla ya kushika spana.

Kwa hiyo kama unakwenda kuangalia boti ya mkono wa pili, uliza kitabu chake kinasema mizunguko mingapi kwa moto wote. Iingize majini, ifungulie moto wote kwa dakika chache mahali penye nafasi, soma saa, andika namba. Muuzaji akikataa usiijaribu majini, hilo nalo ni jibu.

Sisi namba yetu tuliiandika kwa wino kwenye ubao wa usukani siku pete mpya ilipofungwa. Mafuriko yaliyofuata yalikuja miezi kadhaa baadaye, usiku. Alfajiri tulikuwa mtoni. Kabla ya kushusha vipimo, mwenzangu alifungulia moto wote, akaangalia saa, akaangalia ule wino, akaniambia twende.